Kipande cha Ukoko

Jumatatu, 8 Januari

Shule zimefunguliwa leo na mvua nayo imefunguka. Nimehamia kwa dada na begi moja na maboksi mawili ya madaftari. Kutoka hapa hadi shuleni ni mwendo wa dakika kumi na tano, kwa hiyo nimewaambia watu kwamba nimefuata ukaribu. Hakuna aliyeamini.

Dada alinifungulia mlango mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja nilimwacha akibeba mfuko wa saruji begani pale dukani anakouza vifaa vya ujenzi, huku akimtania mteja kwamba wanaume wa siku hizi ni wa kubeba simu tu. Leo gauni ndilo lililomvaa yeye.

"Usinitolee macho, Kitinda," akasema. "Ingia, unaingiza mbu."

Mama yupo tangu Desemba, tangu chakula kilipoanza kumkwama dada kifuani. Ilianza nyama, ukafuata mkate. Sasa hata wali uliopondwa unapita kwa kusukumwa na maji, na dada hufumba macho kila anapomeza.

Shemeji alikuwa sebuleni, lenzi jichoni, ameinamia saa ya ukutani ambayo nina hakika mwenyewe keshaisahau. Ni fundi saa katika dunia ambayo kila mtu anatazama saa kwenye simu. Alinisalimu baada ya kumaliza kukaza skrubu. Mimi humwita Goigoi, moyoni mwangu na kwenye kurasa hizi tu. Miaka kumi na minane nimejiuliza dada aliona nini kwake.

Jumatano, 10 Januari

Mvua. Madarasa mawili yanavuja.

Alhamisi, 18 Januari

Majibu yametoka.

Daktari alituchorea kwenye karatasi: koo, umio, tumbo. Akatia wino mzito sehemu ya chini ya umio. Saratani. Imeziba njia karibu yote, na imeshatuma mbegu zake kwenye ini. Mimi nafundisha mchoro huo kila mwaka. Nilimwona amekosea upande wa kongosho, nikataka kumsahihisha, nikauma ulimi. Akili ya binadamu ni kitu cha ajabu.

Dada alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ileile ya dukani: "Kwa hiyo bomba limeziba. Tunazibua au tunabadilisha?"

Daktari hakucheka. "Tunatoboa pembeni, mama. Tunapitisha mpira mwembamba kwenye ngozi ya tumbo, chakula kiingie moja kwa moja."

"Na bomba lenyewe?"

"Hilo hatutaliweza."

Njiani Mama alirudia mara tatu kwamba daktari ni mtoto mdogo, hata ndevu hana. Goigoi alimshikia dada mwavuli, yeye akaloa upande mzima. Niliona, lakini nilikuwa na hasira naye kwa sababu hakuuliza swali hata moja.

Jumatatu, 22 Januari

Nimeanza mada ya mmeng'enyo wa chakula na kidato cha pili. Nilifikiria kuiruka hadi muhula ujao, lakini mitihani haijui mambo ya watu.

Nilieleza jinsi mate yanavyoanza kuvunja wanga chakula kikiwa bado mdomoni. Nikaeleza kidakatonge, kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa tunapomeza. Msichana mmoja, ambaye wenzake wamempachika jina la Kwanini, aliuliza kama mtu akining'inia kichwa chini anaweza kumeza. Nikamwambia anaweza. Umio si bomba la kumwagia tu; una misuli, na misuli hiyo husukuma tonge kwa mawimbi hata kwenda juu.

"Kwa hiyo sisi hatuna kazi, Mwalimu?"

"Kazi yetu ni ya kuanza tu. Unaanza kumeza kwa hiari yako. Tonge likishapita nyuma ya ulimi, hiari yako imekwisha."

Niliandika hayo ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa.

Ijumaa, 26 Januari

Wameweka mpira. Dada anauita "koki".

Jumatatu, 29 Januari

Muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani amekuja kutufundisha. Mwanamke mnene, mcheshi, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mgonjwa akae ameinuliwa mgongo. Maji kidogo kwanza. Kisha chakula laini kilichochujwa, vuguvugu, kupitia bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Polepole. Maji tena mwisho, mpira usizibe.

Goigoi alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba arudie tena, naye akawa anaandika kwenye daftari lake la kazi. Nilitamani kumnyang'anya kalamu.

Mama alisimama mikono kiunoni. "Hapo anakula au mnajaza tangi?"

"Anakula, Mama," muuguzi akasema. "Tumbo lake ni zima. Utumbo ni mzima. Mlango wa mbele tu ndio mbovu."

"Mtu hali kwa ubavu."

Dada alicheka hadi akashika kidonda.

Alhamisi, 1 Februari

Leo zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimechelewa kipindi cha kwanza. Nikasukuma chakula haraka. Dada akaanza kutokwa jasho, tumbo likamkaza kama jiwe, kikarudi chote hadi kooni. Mimi, mwalimu wa baiolojia! Tumbo ambalo limezoea tonge moja moja kwa nusu saa, nikalimiminia kama ninayejaza ndoo.

Goigoi aliweka lenzi chini, akanawa mikono, akaniambia, "Nenda kazini, Shemeji. Nitamaliza."

Jioni nilimtazama akimlisha. Hasukumi. Anainua bomba juu kidogo, anaacha chakula kishuke chenyewe, anatazama uso wa dada, anashusha. Dakika arobaini na tano. Mkono haukutikisika hata mara moja. Humweleza dada habari za saa aliyofungua siku hiyo, meno mangapi yamelika, na dada husinzia akisikiliza.

Sikuwahi kuwaona hivyo. Labda sikuwahi kutazama.

Ijumaa, 9 Februari

Ugomvi mkubwa. Mama alisaga maini na karanga akavipitisha kwenye mpira wakati sisi hatupo. Mpira ukaziba. Muuguzi alitumia asubuhi nzima na maji ya vuguvugu kuuzibua.

"Mtoto anakwisha!" Mama alipiga kelele. "Nyinyi mnampa maji ya rangi ya maziwa mnaita chakula. Mimi nimewanyonyesha wote wawili. Namjua mtoto mwenye njaa."

Goigoi alisema, kwa upole, "Mama, tusimpe kitu bila kuambizana."

"Siku moja mtanikuta nimempa cha mdomoni. Na atameza. Mtaona."

Kila mtu alisikia. Ninaandika hapa kwa sababu kila mtu alisikia.

Kabla ya kuondoka, muuguzi alimwonea dada huruma. Akasema anaweza kuonja: atie kidogo mdomoni, atafune, apate ladha, ateme. Asimeze hata punje, kwa sababu kitakachoshindwa kushuka kitarudi juu na kuangukia njia ya hewa. Tangu leo Goigoi hukaa na bakuli mapajani. Dada anatafuna papai, anatema, Goigoi anafunika bakuli kwa kitambaa kana kwamba ndani mna kitu cha heshima.

Jumatano, 14 Februari

Nimesahihisha madaftari sabini. Kwanini amechora ini kubwa kuliko mtu.

Jumanne, 20 Februari

Dada amefika kilo arobaini na moja. Saratani nayo inakula, tena inakula kwanza. Nilijua hilo vitabuni. Mama akaniuliza chakula chote kile kinakwenda wapi.

Jumapili, 25 Februari

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Mama alipika wali wa mchana. Ulipokuwa ukikauka, harufu ikajaa nyumba nzima. Wingu lilikuwa limefunga, Mama akatoka uani kuanua nguo. Goigoi alikuwa amekwenda duka la dawa kutafuta pamba na plasta. Nilibaki na dada.

"Kitinda," akasema. "Niletee ukoko."

Nikamwambia nitamletea papai.

"Sitaki papai. Nataka ukoko." Akanitazama. "Unakumbuka nilikuwa nakuachia wote? Nikisema siupendi?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa naupenda kuliko kitu chochote duniani."

Dada amenizidi miaka kumi na moja. Baba alipofariki, Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini, na aliyenilisha ni yeye. Kila siku alikwangua sufuria akanipa mimi ukoko, na mimi kila siku niliamini kwamba haupendi.

Nilikwenda jikoni. Nilikwangua kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimeiva rangi ya asali. Nikakitia kwenye kisahani, nikachukua na bakuli la kutemea.

"Utatema," nikamwambia.

"Nitatema."

Alitafuna. Alifumba macho akatafuna muda mrefu sana, hadi nikasikia mlio wa kile kipande ukiisha. Nikamsogezea bakuli. Akafumbua macho, akanitazama usoni, na nikaona koo lake likipanda.

Nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni. Likishapita nyuma ya ulimi, hiari imekwisha.

Kwa muda mfupi hakikutokea kitu. Akatabasamu hata. Kisha kikakwama, akaanza kukohoa, mate na wali vikarudi juu, pumzi ikaingia navyo. Midomo ikawa ya buluu. Nilimwinamisha, nikampiga mgongo, nikapiga kelele. Mama akaingia mbio na nguo begani, akashika kisahani kilichokuwa kitandani ili apate mahali pa kukaa. Goigoi akaingia nyuma yake. Alichokiona ni hicho: dada anapigania hewa, na Mama ameshika kisahani chenye chembe za ukoko.

"Mama!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Umempa nini?"

Mama alitazama kisahani kana kwamba kimeota mkononi mwake.

Nami nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi na pumzi na kila kitu. Sikusema.

Jumanne, 27 Februari

Dada yuko wodini na kinyago cha oksijeni. Nimonia pafu la kulia. Hawezi kuzungumza.

Goigoi alimwambia Mama kwenye korido, macho chini, kwamba dada akirudi nyumbani, ingefaa yeye Mama asiachwe peke yake na mgonjwa.

"Sikumpa," Mama akasema.

"Sawa, Mama."

"Nimesema sikumpa."

"Sawa, Mama."

Muuguzi wetu, aliyekuja kumtazama dada, alimshika Mama bega akamwambia haya hutokea kwa mapenzi. Mama akaondoa ule mkono. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao.

Jumatano, 28 Februari

Sijasema.

Ijumaa, 1 Machi

Utumbo mwembamba, kidato cha pili. Vijidole vidogo vidogo visivyohesabika ambavyo hufyonza chakula na kukitia kwenye damu. Sijasema.

Jumatatu, 4 Machi

Wameturudishia dada nyumbani. Pafu limepona nusu, lakini daktari amesema hakuna watakachomfanyia kule ambacho hatuwezi kumfanyia hapa. Tulielewa maana yake.

Mama ameweka kigoda mlangoni pa chumba, upande wa nje. Anakaa pale kutwa nzima. Hamtazami mtu. Mtu akiingia, anavuta miguu ampishe.

Alhamisi, 7 Machi

Sauti ya dada imerudi, nyembamba kama uzi. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Mbona Mama haingii?"

"Amechoka," nikasema. Uongo mwingine.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilimeza makusudi. Usijibebeshe."

"Dada..."

"Nilitaka kumeza. Mara moja tu. Wewe hujui, wewe unameza kila saa." Akapumzika. "Mama ana nini?"

Nikamnyooshea shuka. Akageuza uso wake ukutani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesema.

Nilianza na shemeji kwa sababu mimi ni mwoga, na yeye hana makali. Nilimkuta mezani kwake. Nilimwambia yote, kisahani, ukoko, bakuli. Alivua lenzi, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

"Alikuomba wewe kwa kuwa mimi ningekataa," akasema mwishoni. "Ningekataa, na angekufa hajaonja." Kisha uso wake ukabadilika. "Na Mama?"

Hakusubiri jibu. Alinyanyuka haraka hadi kiti kikaanguka, mtu ambaye nimemcheka miaka kumi na minane kwa ugoigoi wake. Alikwenda hadi kwenye kigoda akapiga magoti. "Mama, nimekukosea. Hukuwa wewe. Nilipaswa kukuamini ulipotamka mara ya kwanza. Ingia kwa mwanao."

Mama alinitazama mimi niliyesimama nyuma ya shemeji. Alielewa bila kuambiwa.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Siku kumi na mbili nimebeba lawama, hadi nikakaa mlangoni kwa mwanangu kama mpita njia anayeuliza maji. Na wewe unanipita unaingia. Unatoka. Unaniambia, 'Mama, umeamkaje?'"

"Mama, nisamehe."

Aliingia, akafunga mlango. Kwa ndani nilisikia sauti yake ikianza kusimulia jambo, na kikohozi cha dada ambacho kilikuwa kicheko. Sikuwaambia kwamba dada alimeza makusudi. Ingekuwa kama ninajitetea.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama halali tena chumbani kwake, amejitandikia chini pembeni mwa dada. Nikimwamkia, anaitikia kwa heshima, kama anavyomwitikia muuguzi.

Alhamisi, 14 Machi

Chakula kinarudi. Asubuhi shemeji alivuta bomba kidogo kupima, akakuta uji wa jana jioni uko palepale tumboni, haujashuka. Miguu ya dada imevimba.

Muuguzi alituketisha. "Mwili unafunga kazi," akasema. "Tumbo halisukumi tena, utumbo haufyonzi. Tukiendelea kumlisha, hatumwongezei nguvu. Tunampa kichefuchefu na maji kifuani. Hasikii njaa, nawahakikishia. Mlowanisheni midomo. Kaeni naye."

Niliyebisha ni mimi. Nilisema tupunguze tu, tumpe nusu, robo, tumpe maji ya glukosi. Nilitaja vimeng'enya, nilitaja kalori. Nilipiga kelele kwamba hatuwezi kumwacha mtu afe na njaa.

Mama ndiye aliyenijibu, yeye aliyesaga maini na karanga. Hakunitazama. "Mtoto akigeuza uso, ameshiba," akasema. "Ukimlazimisha, si kwa ajili yake."

Alichovya pamba kwenye maji akampitishia dada midomoni. Shemeji aliliosha lile bomba, akalikausha, akalifunga kwenye kitambaa safi. Kisha akatoka, akasimama mvuani.

Jumamosi, 16 Machi

Amelala zaidi ya kuamka. Alinishika kidole mara moja.

Jumatatu, 18 Machi

Nilikuwa nasimamia mtihani wa mwisho wa muhula. Swali la tano nililitunga mwenyewe mwezi wa kwanza: Eleza safari ya tonge la wali kutoka mdomoni hadi kwenye damu. Saa nne na robo shemeji alisimama dirishani mwa darasa. Hakuniita. Nikajua.

Mama alikuwa peke yake naye. Anasema alikuwa akimchana nywele, akamwuliza kama kitana kinaumiza, akajibu hapana, na hilo ndilo neno la mwisho.

Niliwaachia watoto karatasi zao. Kwanini alikuwa ameinamisha kichwa anaandika, hakuniona nikitoka.

Jumatano, 20 Machi

Tumemzika. Mvua ilisimama tulipokuwa tunarudi.

Jumapili, 24 Machi

Tangu Jumatatu sijaweka kitu tumboni ila chai. Si kwa kukusudia. Tonge likifika mdomoni, naliona koo la dada likipanda, namalizia kwa kutema.

Mchana waombolezaji wote walikuwa wameondoka. Shemeji alikuwa mezani kwake, lenzi mkononi, hatengenezi kitu. Mimi nilikuwa jikoni na karatasi za mtihani, swali la tano, karatasi ya arobaini na kitu. Mama aliingia, akapakua wali na mchuzi, akaweka sahani juu ya karatasi zangu. Akavuta kiti akakaa mkabala nami.

"Kula."

"Mama, sitaweza."

"Sijakusamehe," akasema. "Usidhani nimekusamehe. Kula."

Nilichukua tonge. Nikatafuna hadi likawa maji. Alinisubiri. Nilipomeza, lilishuka polepole na likauma njia nzima. Nikachukua la pili.

Alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya kanga yake. Akauliza, akiitazama pembe hiyo, "Huo ukoko. Aliufurahia?"

Nilimwambia kila kitu. Kwamba alifumba macho. Kwamba alitafuna hadi mlio ukaisha. Kwamba alimeza kwa kutaka, na kwa muda mfupi kabla ya mambo kuharibika alitabasamu.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Machozi yalimtoka akayaacha yatiririke.

"Wali ule niliupika mimi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Alibaki pale, mkono shavuni, akiniangalia hadi nilipomaliza sahani.